Lugha ya Afande



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari za maisha yangu tangu nilipovuka mpaka kuja kusoma hapa Uganda, na hasa habari za kazi niliyopewa ya kumsaidia mwalimu wetu wa Kiswahili. Nimekubali kwa furaha, maana wengi huniuliza habari hizo, na wengine hunicheka, nami naona yafaa wote wapate jibu moja.

Kwetu ni Kyaka, katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Nilimaliza kidato cha nne huko, na mjomba wangu afanyaye biashara Masaka akamshauri baba anilete katika shule hii ya misheni. Basi mwaka jana nikaingia kidato cha tano. Hata wiki ya pili haijaisha, mwalimu wa Kiswahili akaniita. Tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, lakini walimu wa kukifundisha ni wachache, na wetu yuko peke yake. Akaniambia, "Wewe umesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Mimi nitashika sarufi. Wewe njoo jioni uwazoeze watoto kusema." Padre Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba nisiyaache masomo yangu mwenyewe.

Mtu akitoka Kyaka kwenda Masaka hasafiri mbali, wala haoni nchi ngeni. Migomba ni ile ile, na kahawa ni ile ile. Hata hivyo kuna mambo ya kuzoea. Kwetu ndizi hupikwa pamoja na maharage katika chungu kimoja. Hapa hufungwa katika majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke, zikapondwa, kisha zikaliwa kwa mchuzi wa karanga. Lakini hayo ni ya siku za wageni. Chakula cha shule ni posho na maharage. Kwetu posho ni chakula au fedha anayogawiwa mfanyakazi. Hapa posho ni ugali wenyewe. Nilipoandika nyumbani kwamba shuleni twapewa posho kila siku, baba alijibu upesi akitaka kujua ni shilingi ngapi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kujua mahali pangu. Saa kumi na moja jioni nasimama mbele ya ubao na watoto waniita Mwalimu. Saa moja usiku nimeshika sahani yangu katika mstari, nyuma ya watoto wale wale. Chumba cha walimu si changu, na wenzangu wa kidato cha tano hunyamaza kidogo niingiapo bwenini, wakidhani nitapeleka habari. Msaidizi ni kama popo: ndege wamwona mnyama, na wanyama wamwona ndege. Ilinichukua muhula mzima kuzoea hali hiyo, na dawa yake ilikuwa mpira wa miguu, maana uwanjani hakuna mwalimu wala mwanafunzi, kuna golikipa tu, na mimi ni golikipa.

Kazi yenyewe ina utamu wake. Niligundua kwamba watoto wasemao Kiganda hawachanganyi l na r ovyo, kama watu wa kwetu wanavyodhani. Wanafuata kanuni ya lugha yao: baada ya e na i husema r, na mahali pengine husema l. Ndiyo maana "habari" huwa "abali", na "mbili" huwa "mbiri". Nilipowaonyesha kwamba wana kanuni, waliacha kuona haya, na wakaanza kujisahihisha wenyewe.

Lakini lipo jambo lililonisumbua tangu siku ya kwanza. Siku hiyo niliwauliza watoto wa kidato cha kwanza, "Ni maneno gani ya Kiswahili mnayoyajua tayari?" Wakanyosha mikono, nami nikayaandika ubaoni yote kama walivyoyataja: Simama. Kaa chini. Kuja hapa. Funga mdomo. Mikono juu. Lala chini. Toa kitu kidogo. Ukiacha "jambo", ubao mzima ulijaa amri. Halikuwako hata neno moja la kumwuliza mtu kama ameamka salama. Nilipogeuka, mtoto mmoja wa nyuma alisimama, akapiga mguu chini na kusema, "Ndiyo, Afande!" Darasa zima likacheka, na jina hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Nikaenda maktaba kutafuta sababu. Kumbe jambo hili lina historia ndefu. Askari wa King's African Rifles walitumia Kiswahili tangu zamani za Waingereza, na mpaka leo jeshi na polisi wa Uganda hukitumia. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kienezwe katika shule na utawala. Wakuu wa Buganda walikataa, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga, akihofu kwamba Kiganda kitasukumwa kando katika nchi yake. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa kwa shule, isipokuwa shule za polisi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Tazameni mwendo huo. Mlango wa shule ulifungwa, mlango wa kambi ukaachwa wazi. Lugha ikabaki kinywani mwa mwenye bunduki, na watu wakaisikia kutoka hapo tu. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini amri ya serikali haiwezi kuondoa usiku mmoja katika kichwa cha mtu.

Usiku huo niliusikia katika likizo fupi ya katikati ya muhula. Katika darasa langu yumo kijana mmoja aandikaye Kiswahili vizuri kuliko wote, lakini wakati wa mazungumzo hafungui mdomo. Mjomba alikuwa safarini, na kijana huyo akanikaribisha kwao, kwa bibi yake anayemlea. Tulipokaribia nyumba akaniambia polepole, "Mwalimu, nyumbani tusiseme Kiswahili. Jjajja hataki."

Nikamsalimu bibi kwa Kiganda, "Osiibye otya, Jjajja?" Akajibu kwa upole, akanishukuru kwa kuja, akatuletea chai. Lugha yetu ya Kihaya ina udugu na Kiganda, kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuielewa. Baadaye akaniuliza ninafanya kazi gani shuleni. Nikamwambia kweli. Akaweka kikombe chini, akanieleza bila hasira.

Katika miaka ya 1970 watu wenye bunduki walikuja usiku wakagonga mlango. Walisema, "Fungua!" Yeye hakulijua neno hilo, bali mumewe alilijua, akaenda kufungua. Wakasema maneno mengine ambayo hata leo hajui maana yake. Mumewe akatoka nao na hakurudi. Miaka michache baadaye, Februari 1979, vita ilipofika Masaka na mji ukabomolewa, askari wengine walikuja wakisema Kiswahili, na watu wakasema hawa ndio wakombozi. Jjajja akaniambia, "Mimi nilikuwa shambani, nimelala kati ya migomba na watoto. Niliisikia lugha ni ile ile. Ningejuaje kwamba hawa ni wengine?"

Sikuwa na la kumjibu. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi, nami nikamwambia Kyaka. Jina hilo alilijua. Basi nikamsimulia habari za bibi yangu mimi. Jeshi la Amin lilipoingia Kagera mwaka 1978, bibi alikuwa msichana. Alivuka mto pamoja na ndugu zake kabla daraja la Kyaka halijavunjwa mwezi wa Novemba. Waliporudi mwaka uliofuata, nyumba haikuwa na mlango wala bati, na ng'ombe hawakuwako hata mmoja. Katika wale askari walikuwako waliosema Kiganda. Kwa miaka mingi, basi la kutoka Masaka likisimama kijijini na wachuuzi wakishuka wakisema Kiganda, bibi alikuwa akiacha kazi yake na kuingia ndani.

"Oluganda?" akauliza Jjajja. Alishangaa sana. Lugha yake, lugha ya kubembelezea wajukuu, kwamba yuko mtu anayeikimbia!

"Naam, Jjajja, Oluganda."

Akakaa kimya, kisha akauliza, "Hata sasa huikimbia?" Nikamwambia hapana, sasa bibi huuza maharage katika soko la Mutukula, na akitaka kumshinda mnunuzi wa Masaka kwa bei, humgombeza kwa Kiganda. Jjajja akacheka mpaka akajifuta macho.

Hakusema kwamba Kiswahili ni kizuri. Aliuliza jambo moja tu: watu wa kwenu, asiyeshika bunduki, humwamkiaje mzee? Nikamwambia, "Shikamoo", na mzee hujibu, "Marahaba." Akalijaribu neno hilo mara mbili kwa sauti ndogo, kisha akaagiza kuni ziletwe. Kesho yake asubuhi mjukuu wake alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Jjajja." Bibi alimtazama kitambo kirefu, akamjibu kwa Kiganda.

Niliporudi shuleni nilizungumza na mwalimu wangu, tukabadili mpango wa masomo ya jioni. Mwezi wa kwanza wa muhula hatutumii amri. Anayetaka dirisha lifunguliwe husema, "Naomba unifungulie dirisha, tafadhali." Twaanza na shikamoo, pole, karibu, asante, samahani, na umelalaje. Tena kila mtoto hupewa kazi ya kutafuta nyumbani maneno ya Kiganda yafananayo na ya Kiswahili. Walileta ssabbuuni, ssukaali, kyayi, emmeeza, eddirisa, ekkalaamu, na mengine mengi mpaka ubao haukutosha. Mengi ya namna hiyo yalipanda kutoka pwani na misafara ya biashara iliyoanza kufika kwa Kabaka katika miaka ya 1840. Sisemi kwamba misafara hiyo ilikuwa na mikono safi, maana ilinunua pembe na watumwa pia. Nasema tu kwamba katika nyumba inayokikataa Kiswahili, mezani kuna chai na sukari. Aliyeleta orodha ndefu kuliko wote ni yule kijana wangu mnyamavu, na nusu ya maneno alipewa na bibi yake jikoni. Siku hizi katika mazungumzo husema, ingawa kwa sauti ya chini.

Katika ninyi wenzangu wako watakaokwenda nchi nyingine kufundisha lugha yao, au kumsaidia afundishaye, na ningependa wachukue mambo haya mawili. Kwanza, jifunzeni salamu za wenyeji kabla ya kuwafundisha zenu. Bila salamu ile ya Kiganda nisingeketishwa wala kusimuliwa neno. Pili, ulizeni mapema watu wa mahali hapo waliisikia lugha yenu kutoka kwa nani. Lugha haina kosa, lakini haifiki mahali peke yake. Huletwa na mtu, na watu hukumbuka alikuwa ameshika nini mkononi. Mkikuta aliyetangulia alishika bunduki, msibishane na mzee aliyeumia. Ishikeni ninyi kwa namna nyingine, siku nyingi, mpaka ajionee mwenyewe.

Jina langu halikubadilika. Watoto wa kidato cha kwanza wakinikuta njiani husema, "Shikamoo, Afande," nami huitikia, "Marahaba."

Mwisho nina ombi kwa ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani. Wengi wenu mliziona siku hizo kwa macho, na wengine mlisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika kizuizi cha barabarani. Mtakapokuja kututembelea siku ya wazee wa shule, njoni katika darasa letu mtusimulie. Semeni kwa Kiganda, kwa Kiingereza, au kwa lugha yo yote mnayopenda. Sisi tutawakaribisha kwa Kiswahili, na hatutawaambia kaeni chini. Tutawaambia karibuni viti.