Mwaliko na Gharama Yake

Neno mwaliko lina maana mbili katika kamusi zetu. Moja ni wito wa kwenda karamuni au shughulini. Ya pili ni sauti kali ya ghafla, kama ya vidole vilivyoalishwa au ya kijiti kikavu kilichovunjika. Wanafunzi wangu huzitazama maana hizi kama wasafiri wawili waliokutana kwa bahati chini ya mti mmoja. Katika insha hii nitazichukua kuwa ndugu, kwa kuwa mwaliko ni sauti kwanza na karatasi baadaye. Anayealikwa husikia jina lake likitajwa. Asipolisikia, karatasi aliyopewa, hata ikiwa imepambwa kwa rangi ya dhahabu, ni hati ya kupitia mlangoni tu.

Fikira hii ilinijia kwa harusi moja ya Kibirizi. Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini ya mji wa Kigoma. Hapo maboti ya abiria huondoka kwenda vijiji vya pwani ya ziwa hata karibu na mpaka wa Burundi, yakipita Gombe njiani. Na hapo dagaa huanikwa mchangani na juu ya vichanja. Riziki ya nyumba nyingi hutoka majini usiku, wavuvi wanapowasha taa ili kuwavuta dagaa. Mbalamwezi ikikamilika, nuru ya taa hushindwa na nuru ya mbingu, na vyombo hupumzika. Kwa hiyo watu wa mwalo wamezoea kuhesabu fedha zao kwa mwandamo wa mwezi.

Mwaka 2024 mapumziko yalikuwa marefu zaidi. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana na ziwa lipate nafuu. Sababu ilikuwa njema, lakini sababu njema haichemshi chungu. Binti wa dada yangu alikuwa amekwisha kuchumbiwa, na ndoa yake ilikuwa imepangwa kufungwa mwezi wa Julai. Kuahirisha hakukutakiwa na upande wowote. Fedha hazikuwapo; mikono iliyokaa bure ilikuwapo tele.

Msomaji anajua jinsi harusi zetu za leo zinavyoendeshwa. Kwanza hutangulia kadi ya mchango. Baadaye hufuata kadi ya mwaliko kwa yule aliyechanga, nayo huandikwa kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili. Silaumu mchango. Ni ushirika wa kale uliovaa nguo mpya, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini ushirika una hatari yake: mwaliko waweza kugeuka stakabadhi. Katika msimu ule hatari ilionekana waziwazi. Orodha ya waliochanga ilikuwa na majina 60. Orodha ya watu waliomlea binti yule, waliomfundisha, waliombeba mgongoni na kumfukuza mawimbini alipokuwa mtoto, ilikuwa ya nyumba 120. Bei ya kadi za kuchapwa ilitosha orodha ya kwanza tu. Waliobaki wengi wao walikuwa wavuvi na wanawake waanikao dagaa, ambao mwaka uliopita wangechanga bila kusitasita.

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, nikiwaacha hawa nitapita njia gani kesho kwenda sokoni?"

Hapo ndipo lilipotoka shauri la kutengeneza kadi nyumbani. Baba yake mkubwa alilikataa. Yeye ni mtu wa heshima, na alikuwa akilinda heshima ya nyumba. Alisema, "Watu watasema tumeishiwa." Binti akamjibu kwa adabu, "Baba Mkubwa, wanajua tumeishiwa. Nao wameishiwa. Tumfiche nani?" Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama karatasi zimekwisha kununuliwa.

Nitaeleza kazi yenyewe, kwa sababu baadhi ya wasomaji wangu watakuwa maharusi karibuni. Karatasi ngumu ya manila yenye ukubwa uitwao A1 ikikatwa nusu, na nusu ikakatwa nusu, na hivyo mara tano, hutoa kadi 32 za ukubwa wa mkono. Karatasi nne hutoa kadi 128. Kwa nyumba 120 zikabaki kadi nane za akiba, nazo zilihitajika, maana mkono wa binadamu hukosea na wino hauna huruma. Kwa fundi cherehani tuliomba mabaki ya vitenge, ambayo Kigoma hayaadimiki, tukakata kipande chembamba cha kupamba ukingo wa kila kadi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, uliopikwa mpaka ukang'aa. Hupakwa kidogo sana, kisha kadi hulazwa chini ya vitabu usiku kucha ili isijikunje. Muhuri ulichongwa kwa wembe katika soli ya kandambili iliyochakaa. Ulikuwa na picha ya mtumbwi bila herufi, kwa sababu herufi huchongwa kinyumenyume na picha haidai taabu hiyo. Wino ulikuwa ule wa mihuri ya ofisini. Sharti kuu lilikuwa kunawa mikono, kwa sababu tone la mawese likiingia katika karatasi halitoki tena, na harufu ya dagaa haikubali kufichwa.

Kazi yangu ilikuwa maneno. Niliyapunguza mpaka yakabaki mambo matano: nani anaalika, nani anaoa na nani anaolewa, siku gani, saa ngapi, mahali gani. Katika jambo la nne hapana budi kuwa mwangalifu. Saa zetu huanza kuhesabiwa mapambazuko. Saa nne ya asubuhi ni ile ambayo mshale wa saa umeelekea kumi. Kadi nyingi za madukani, zinazofuata vielelezo vya kigeni, huandika tarakimu za mshale, na wageni hugawanyika: wengine hufika mapema, wengine shughuli imekwisha. Sisi tuliandika kwa herufi, "saa nne asubuhi", na hakuna aliyeuliza. Juu ya yote kila kadi ilibakiza nafasi ya jina, na jina lilijazwa kwa kalamu na binti mwenyewe. Alikesha siku tatu, na katika siku hizo aliwakumbuka watu ambao hata orodha ya pili ilikuwa imewasahau.

Mtu mwenye hesabu atauliza kwa haki: kadi imepunguzwa gharama, lakini chungu kimepunguzwa nini? Gharama ya harusi haimo katika karatasi. Imo katika nyama na mchele. Ni kweli, na uamuzi ulikuwa mgumu kuliko kukata manila. Pilau ya nyama ya watu wachache iligeuka wali na maharage ya watu wengi. Wapo waliocheka, na sitasema kwamba kicheko chao hakikuuma. Dada yangu aliingia ndani akakaa peke yake kwa muda. Kwa hiyo simdanganyi msomaji kwamba uchache wa fedha ni neema. Ni uchache, na kila aliyeupitia anaujua. Nasema tu kwamba katika uchache mtu hulazimika kuchagua kitu kimoja cha kutokipunguza, na mpwa wangu alichagua majina ya watu.

Kadi zilipelekwa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kama mwaliko ulivyokuwa ukitembea kabla ya mitambo ya kuchapa kuwa jambo la kawaida kwetu. Leo picha ya kadi yaweza kupelekwa kwa simu kwa watu mia kwa kitambo kidogo, tena kwa gharama ndogo kuliko yetu, na kwa jamaa walio mbali tulifanya hivyo. Lakini kwa walio karibu mguu una lugha yake. Bibi mmoja jirani, asiyejua kusoma, aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaigeuza, akapapasa kitenge cha ukingoni, kisha akamrudishia binti akisema, "Nisomee, mjukuu wangu." Binti akaanza kusoma kwa jina la bibi yule. Bibi akamzuia hapo hapo, akamwomba alisome jina lile tena.

Kwa vijana wanaonijia kuniuliza kama ni aibu kutengeneza kadi kwa mkono, jibu langu ni fupi. Andikeni majina kwanza, kabla ya kuuliza bei ya karatasi. Majina yakitimia, ndipo mjue ni karatasi ngapi za kukata.