Jamaa wa Mbagala Aliyeangalia Get Carter Msibani

Kuna jamaa mmoja wa Mbagala, jina kapuni, mwaka jana alipanda basi kutoka Tunduma kuja kumzika kaka yake. Alikuta kila mtu ana jibu lilelile: marehemu alikuwa kalewa, akaingia mtaroni na bodaboda. Shida ni kwamba kaka mtu hakuwahi kuonja hata bia. Soda tu, tena ya orenji.

Usiku wa pili wa matanga, washkaji wa Kinondoni waliokuja kulala naye wakaweka muvi kwenye simu: Get Carter. Siyo ile ya Stallone ya 2000, ni ile ya Waingereza ya 1971, Michael Caine bado kijana, Mike Hodges ndiye muongozaji. Imetoka kwenye kitabu cha Ted Lewis cha 1970, Jack's Return Home, yaani Jack karudi nyumbani. (Jina la kitabu ndilo lenyewe hasa.) Jambazi wa London anapanda treni hadi Newcastle kumzika ndugu yake, Frank. Anaambiwa Frank kalewa wiski, kafa na gari. Haamini.

Chini ya turubai kimya. Mmoja akasema, "Mwana, hii si ndiyo yako?" Maana kuna mtu alikuwa kashamnong'oneza jamaa majina mawili ya vijana wa mtaa wa pili.

Kama hujaiona, ruka hapa. Carter anawasaka wote. Eric, wa mwisho, ananyweshwa wiski kwa nguvu kama Frank alivyofanywa, kisha anauawa. Washkaji wakashangilia. Hawajamaliza, Carter naye analambwa risasi moja ufukweni. Muvi imeisha.

Jamaa akauliza, "Sasa Doreen je?"

"Doreen nani?"

Yule binti wa Frank. Walishamsahau. Na binti wa kaka mtu, darasa la sita, alikuwa kalala ndani kwenye mkeka na kina mama.

Asubuhi pikipiki mbili zikawashwa. Jamaa yuko uani na beseni, anafua shati la shule.

"Baba mdogo, hapo kwenye kola hujasugua."

Akasugua. Honi ikapigwa, ikapigwa tena. Yale majina aliyapeleka kituoni baada ya arobaini, na mpaka leo hakuna aliyeitwa. Mtaani wapo wanaomwita muoga. Tunduma hajarudi, anauza chipsi Rangi Tatu, na dogo yuko la saba.