Nyumba ya Maboksi

Mwanasesere hana haja ya kitanda. Mwenye haja ni mtoto anayemlaza, na ndiyo sababu kazi ya kumtengenezea samani haifai kudharauliwa.

Iyunga, katika jiji la Mbeya, maboksi si haba. Barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia inapita upande huo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo imepita huko. Bidhaa huwasili zimevaa makaratasi, na zikishatumika, mavazi yake hutupwa jalalani. Katika nyumba moja ya kupanga, mama wa watoto wawili hayatupi. Huweka kando boksi la dawa ya meno, makasha ya viberiti, karatasi ngumu ya majani ya chai na vifuniko vya chupa. Kopo lenye ukingo mkali hulikataa, na chombo kilichotiwa dawa ya shambani hakiingii kabisa, hata kikioshwa mara saba.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuielezea. Makasha matatu ya viberiti, yakigandishwa moja juu ya jingine, huwa kabati la droo. Boksi la dawa ya meno likiondolewa upande mmoja kwa urefu wake huwa kitanda, na maganda makavu ya mahindi yaliyochanwa huwa godoro. Vifuniko ni sahani na masufuria. Karatasi ngumu haikunjiki sawasawa mpaka mstari wa kukunjia upitishiwe kwanza ukingo wa kijiko. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, nayo hutaka subira: mjini hapo, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kilichogandishwa asubuhi wakati wa baridi ya Juni na Julai huweza kulala hakijakauka. Kisu hushikwa na mama. Mengine yote ni ya watoto.

Ama mtihani uko hapo. Mkono wa mkubwa hauvumilii kiti kilichopinda. Huwashwa na hamu ya kukinyoosha. Huko Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, imo nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1686 na 1710 hivi kwa ufundi wa hali ya juu na gharama kubwa. Haikuwa ya mtoto kuchezea. Ilikuwa fahari ya bibi mwenye mali. Kila kilichomo kinasimulia habari za mkubwa aliyekiagiza. Mzazi anayenyoosha kila kiti cha mwanawe naye hujijengea nyumba kama ile, ya bei nafuu tu.

Mtoto akiachiwa, hujenga nyumba anayoijua. Wa Unguja au Lamu huenda akaanza na kitanda cha samadari chenye miguu mirefu. Wa Iyunga huanza na jiko la mkaa na blanketi. Na aghalabu huweka humo jambo ambalo hajapata kulitamka.

Siku moja binti wa nyumba ile, mwenye miaka sita, alikamilisha kitanda akakiweka nyuma kabisa ya mlango.

"Kitanda hakikai mlangoni, mwanangu. Kisogeze ukutani."

"Hapana, mama. Hiki cha baba. Akija usiku asitukanyage."

Baba yao ni dereva wa malori ya Zambia. Hupita nyumbani usiku wa manane, akaruka mkeka waliolalia watoto, na kabla ya adhana ya alfajiri huwa amekwishaondoka. Wazazi wawili hao walikubaliana zamani kutowaamsha watoto, ili wasilie wakati wa kuagana. Mama aliamini kwamba watoto hawajui ni usiku gani baba yao alikuwapo. Kumbe mmoja alikuwa macho, akihesabu nyayo na kunyamaza, asije akaharibu mpango wa wakubwa.

Mama alikwisha kunyoosha mkono. Hakukisogeza kitanda. Alichukua kipande cha kanga kuukuu, akakipima juu ya lile godoro la maganda, kisha akamuuliza binti yake kama baba hupenda kujifunika mpaka kichwani.

"Mabegani tu," akajibu mtoto.