Ukikitupa angani, bado ni chako

Nishabishana na watu kibao, hata wenye A ya fizikia. Wanakwambia eti huko juu hakuna mvuto, ndio maana vitu vinaelea. Zii! Kile kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu, na hapo mvuto bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Kila kitu kule kinaanguka. Tatizo ni kasi: kilomita 7.7 kwa sekunde. Funzi hadi Diani, kwa mstari ulionyooka, ni sekunde tano hivi. Dunia nayo ni mviringo, kwa hivyo kitu kinaanguka na kuikosa, kinaanguka na kuikosa, siku nzima.

Sisi wa Funzi, Newton tunamjua kwa miguu. Ruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufuoni, mtumbwi utarudi nyuma. Ukiusukuma nao unakusukuma. Na ukizima mashine ukikaribia mikoko, boti haisimami hapo hapo, inaendelea mpaka maji yaishike. Sasa ondoa maji. Ondoa na upepo. Nani ataisimamisha?

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilirushwa kutoka kituo hicho hicho. Ni kiboksi cha sentimita 10 kila upande, kilichosukumwa nje kwa springi. Kituo nacho kilisukumwa nyuma, ila kina tani zaidi ya 400, wacha tu. Kule juu kuna hewa kidogo sana, lakini ipo. Ilikipunguza kasi polepole, na 2020 kiliingia tena kwenye hewa nzito na kuungua. Safi kabisa. Walitupa, na pakasafishika.

Lakini si kila kitu ni kidogo hivyo. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana saa tisa hivi, pete ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Upana mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, na watu wakapiga memes wiki nzima. Mimi sikucheka sana. Kuna mtu aliituma juu, akamaliza kazi yake, akaendelea na maisha. Pete pia ikaendelea na yake.

Sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha inalipa hasara ya ardhini, hata kama haikuzembea. Mwaka 1978 setilaiti ya Urusi ya Kisovieti, Kosmos 954, ilimwaga vipande vyenye mionzi kaskazini mwa Canada, na 1981 Wasovieti wakalipa dola milioni tatu za Canada. Canada ina sauti, bana. Mwenye shamba Mukuku ataanza kugonga mlango upi?

Mimi nataka kila kipande kikubwa kiwe na jina la mwenyewe, liandikwe mahali ambapo moto haufiki, na serikali yetu iulize kwa sauti. Makueni hadi Funzi, kwa kasi ya obiti, haifiki dakika moja. Na huku nyumba nyingine bado ni za makuti.