Barua kwa Mpwa Wangu Aliyehamia Biharamulo

Bukiriro, Ngara.

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imetufikia. Umesema umepanga chumba karibu na boma la zamani la Wajerumani, na kwamba vijana wenzako wanalifahamu kama nyumba ya kulala wageni tu. Neno hilo limenifanya nishike kalamu.

Kabla ya kuta zile, nchi hiyo unayokaa, Rusubi, ilikuwa na wenyewe. Wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walipopita huko mwaka 1861, iliwabidi watoe hongo kwa mtawala Suwarora ndipo waruhusiwe kwenda mbele. Kisha wakaja Wajerumani. Sheria yao ya kodi ya nyumba ilitoka mwaka 1897, na mwanzoni mwa karne iliyofuata wakajenga boma Biharamulo, nusu ofisi, nusu ngome. Hapo mambo yakageuka, mpwa wangu: zamani mgeni alilipa hongo ili apite, sasa mwenyeji alilipa kodi ili akae kwake.

Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia Biharamulo. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Baba yake babu yako alikuwa mmoja wao. Babu alitusimulia kwamba mzee aliutua mzigo uani akaondoka. Mlango wenyewe hakuuvuka. Machi 1921 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza eneo hilo. Watawala watatu tofauti wakapokezana mji ndani ya miaka ishirini hivi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyeji.

Tazama na neno lenyewe. Boma kwetu ni ua wa kulinda ng'ombe na watoto. Wakoloni walilichukua wakaliita hivyo jengo la serikali, na mpaka leo mtu anayekwenda ofisi za wilaya husema anakwenda bomani. Wazee wetu walilitamka kwa woga, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kodi, kesi na pingu.

Kwa hiyo wapo watakaokuambia jengo la namna hiyo libomolewe, lisitukumbushe fedheha. Mimi sikubaliani nao. Udongo ule ulikandwa na mikono ya watu wetu, na mawe yalibebwa kwa vichwa vyao. Tukilibomoa, tutakuwa tumefuta kazi yao, na Mjerumani hatakuwa amepoteza kitu. Arusha walifanya busara: boma lao lililokamilika mwaka 1900 ni makumbusho tangu 1987. Dar es Salaam nako, Boma la Kale la enzi za Sultani Majid lilinusurika kubomolewa mwaka 1979, na leo watu huenda kujifunza humo historia ya majengo ya jiji. La Biharamulo kulaza wasafiri si aibu. Mlango ambao mzee wetu hakuuvuka, leo msafiri anauvuka akiwa na ufunguo mkononi. Aibu ni mgeni kulala pale na kuamka bila kujua amelala wapi.

Basi nakuagiza. Jumapili moja, ukitoka kanisani, watafute wazee wa Biharamulo. Waulize waliobeba mawe walitoka vijiji gani, nani alifungwa, nani alikuwa karani. Andika majina kwenye daftari, kwa sababu wazee wanatutoka. Ukimaliza, peleka nakala halmashauri, uwaombe waweke ukutani kibao chenye majina hayo, kwa Kiswahili. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, lakini sheria haitamjua mpagazi ambaye jamaa zake wamemsahau.

Jina la mzee wetu yule mpagazi nitakuletea mwenyewe nikija. Liandike la kwanza.

Wako akupendaye,
Mjomba