Matundu sita, risasi tano



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu hutuuliza kama ni kweli kwamba mwalimu wao aliwahi kumiliki bastola. Ni kweli, na leo tunaeleza kwa kuwa limo somo kwa wazazi.

Tuliishi miaka tisa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, pamoja na jamaa waliotoka Kongo na Burundi. Kule silaha ni jambo la kawaida, na misituni wamo dubu. Mzee mmoja jirani, mwindaji, alituuzia rivolva yake, Ruger Super Blackhawk ya Magnum .44, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1973. Risasi hiyo kubwa iliingia sokoni mwaka 1956, baada ya Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa Idaho hiyohiyo, kuwasihi watengenezaji kwa miaka mingi.

Tuliipenda. Mpini wa mbao tuliubadilisha tukaweka wa mpira, maana kila tulipofyatua, chuma kilikuwa kikigonga kifundo cha kidole cha kati. Tulibadilisha springi ili kifyatulio kiwe chepesi. Kila tuliporudi kulenga shabaha, tulivuta pini, tukatoa silinda, tukasugua matundu yote sita kwa brashi ya shaba. Ukitumia risasi fupi za .44 Special, masizi huganda ndani ya tundu, na zile ndefu hukwama. Skrubu nazo hulegea kwa mateke yake, hivyo tulizikaza kila mara.

Mzee alitupa sharti moja: "Matundu sita, risasi tano. Nyundo ilale juu ya tundu tupu." Bastola za zamani za aina ile, nyundo ikiwa imeshuka, pini hugusa risasi. Zikianguka, zinaweza kulia.

Usiku mmoja, tukijiandaa kwenda msituni alfajiri, tulijaza sita. Bastola ikateleza rafuni. Risasi ikapasua ukuta wa chumba cha watoto. Alhamdulillah, walikuwa jikoni na mama yao.

Mama watoto hakusema neno. Alitandika godoro la watoto sebuleni, wakalala huko mwezi mzima.

Tangu mwaka 1982 kiwanda huzifungia bastola hizo kifaa cha usalama bila malipo. Tulikuwa tunajua, tukaahirisha. Pesa za mpini tulikuwa nazo, muda wa springi tulikuwa nao. Tuliipeleka baada ya ukuta kutoboka, tukanunua na kasha la chuma lenye kufuli. Tulipofunga safari ya kurudi nyumbani, tuliiuza.

Mtume (S.A.W.) aliamuru mwenye kupita msikitini na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Hadithi hiyo tulikuwa tukiwafundisha watoto wa watu kila wiki, na ncha yetu tuliiacha wazi rafuni.

Mzazi, nyumbani kwako ipo ncha gani uliyoiahirisha? Ishike leo.

Wabillahi tawfiiq.