Nguo Safi Juu ya Magurudumu Mawili

Mwenye kwenda kazini kwa pikipiki ya kawaida aijua taabu yake. Mafuta ya mnyororo hurukia suruali, matope hupanda hata magotini, na karani aliyetoka nyumbani nadhifu hufika afisini kama fundi aliyetoka gereji. Basi mtu huona kana kwamba hana budi kuchagua moja: heshima ya mavazi yake au wepesi wa safari yake.

Shida hiyo ilimshughulisha Corradino D'Ascanio, mhandisi Mwitalia aliyekuwa bingwa wa mambo ya ndege. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, kilichokuwa kikiunda ndege, kilipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu cha kuwafaa watu wote. D'Ascanio hakupenda pikipiki, na pengine ndiyo sababu alifaulu. Aliifunika injini kwa bati, akaiweka karibu na gurudumu la nyuma ili mnyororo usihitajiwe. Mbele ya miguu aliweka ngao, na katikati akaacha nafasi wazi, hata mwanamke mwenye sketi na padre mwenye kanzu wapate kupanda kwa adabu. Gia alizitia mkononi, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili litolewe upesi likitoboka. Chombo hicho kilitokea mwaka 1946, kikaitwa Vespa, yaani nyigu. Mwaka uliofuata kampuni ya Innocenti ya Milan ikatoa Lambretta.

Katika miaka ya 1960 vijana wa Uingereza walioitwa Mods walipanda vyombo hivyo wakiwa na suti zilizoshonwa kwa ustadi. Juu ya suti walivaa makoti makubwa ya namna ya jeshi la Marekani, ili kuikinga nguo na mvua na vumbi. Jambo hilo lina funzo: mwenye kuithamini nguo yake huifunika njiani.

Walakini, ngao ya bati huzuia matope, haizuii lori. Magurudumu madogo hutumbukia upesi katika shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita, na kitambaa cha suti, hata kiwe kizuri namna gani, hakiiokoi ngozi ikisuguana na lami. Tena wako wanaokataa kofia ngumu kwa kuchelea kuharibu nywele zao. Hapo unadhifu umegeuka upumbavu. Uingereza ililazimisha kofia hiyo kwa sheria mwaka 1973, na hakuna karani aliyepungukiwa heshima kwa kuivaa. Nywele huchanwa tena mlangoni mwa afisi kwa dakika moja. Fuvu likipasuka halina kitana.

Kwa hiyo yampasa mpandaji avae koti gumu juu ya suti, glavu mikononi, na viatu vinavyofunika vifundo. Tai aichomeke ndani ya koti isipeperuke, na karatasi zake azitie katika mkoba uliofungwa. Akifika avue koti, alitundike, aingie kazini. Wahenga husema ajali haina kinga. Lakini husema pia, tahadhari kabla ya hatari. Wale wanaomngoja nyumbani jioni hawatamwuliza kama suruali yake ina mkunjo.